Upimaji wa Afya Shuleni: Tathmini ya Huduma ya Zahanati Moja ya Moshi Mjini

Muhula huu zahanati moja binafsi ya hapa Moshi iliwapima wanafunzi wa shule ya msingi anakosoma mjukuu wangu, na kwa kuwa gharama tulichangia wazazi na walezi, ni vyema wanaofikiria kuialika wajue watoto walipata nini.

Sisi tuliosoma miaka ya 1970 tunaukumbuka ukaguzi wa zamani: darasa zima foleni uwanjani, muuguzi akifunua nywele kutafuta chawa na mapunye, akitazama kucha na ngozi. Mwenye upele alitengwa mbele ya wenzake, na nyumbani haikufika hata karatasi. Kasoro hiyo haikuwa yetu peke yetu. Uingereza, baada ya vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini (1899–1902) kudhihirisha kwamba vijana wengi hawakufaa kuingia jeshini kwa udhaifu wa mwili, sheria ya 1907 iliziwajibisha mamlaka za elimu kuwakagua wanafunzi, lakini kuwatibu kukaachwa kuwa hiari, hivyo mtoto aliweza kuandikwa kuwa ana meno mabovu kisha akarudi nayo darasani.

Zahanati hii imekwenda mbele zaidi. Kila mtoto aliingia nyuma ya pazia peke yake. Macho yalipimwa moja moja kwa chati ya herufi E, mtoto akionyesha kwa mkono upande herufi ilikoelekea, kwa hiyo hata asiyejua kusoma alipimika. Kilichonifurahisha hasa ni meno: mtaalamu aliyatenganisha madoa ya kahawia yatokanayo na floridi nyingi majini, ambayo sisi wa Kilimanjaro na Arusha tunayajua mno, na meno yaliyooza, akawaeleza watoto kwamba madoa hayo si uchafu na hayatoki kwa kusuguliwa. Wazazi nao tulielezwa kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi. Wengi hawakuwa wakilijua hilo.

Kila mzazi alipewa fomu ya majibu. Hata hivyo masikio hayakupimwa kabisa, nalo ni pengo kubwa, kwani mtoto asiyesikia vizuri huadhibiwa kwa utukutu asio nao. Tena walioandikiwa kwenda hospitali kupata miwani hawajaulizwa na mtu yeyote kama walifika.

Ningeishauri shule nyingine iialike, ila ikubaliane nayo mapema kwamba masikio yatapimwa, na kwamba watarudi muhula unaofuata kuwaona wale waliopewa rufaa.