Uzoefu wangu: ukaguzi wa umeme na maji kabla ya kununua nyumba Isyesye, Mbeya

Mwezi Juni, kabla ya kulipia nyumba ya vyumba vitatu pale Isyesye, nilimwita fundi mkaguzi aipitie mifumo ya umeme, maji safi na maji taka kwa shilingi 200,000. Mke wangu aliona tunatupa fedha, kwa kuwa nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, taa zinawaka na bomba zinatoa maji. Nami nilikuwa na mashaka hayohayo hadi fundi alipoweka ngazi na kupanda darini.

Alianzia kwenye heta ya bafuni, kifaa ambacho kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai hakuna familia inayopenda kukikosa. Ubavuni iliandikwa kilowati 5.5, maana yake kwenye umeme wa volti 230 inavuta takribani ampea 24. Alipoufuata waya wake darini, akiwa amekwisha kuzima meinswichi, alikuta umeungwa kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, mwembamba mno kwa mzigo huo, na pale kwenye maungio plastiki ilikuwa imegeuka kahawia, imekakamaa, ikavunjika kama ganda la karanga alipoigusa kwa bisibisi. Alinishushia kipande chake nikakishika. Kilikuwa bado kinanuka kuungua. Sentimita chache juu ya maungio hayo zilipita mbao kavu za kenchi.

Kisha akatafuta ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Waya wa kijani ulikuwamo katika kila soketi aliyoifungua, ila nje, chini ya mita, fito ya shaba iliyopaswa kuchimbiwa ardhini haikuwapo kabisa. Waya uliishia ndani ya plasta. Kwa hali hiyo, heta ikivujisha umeme, mwili wa anayeoga ndio unaogeuka njia ya kwenda ardhini. Hata kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30, hakikuruka alipobonyeza kitufe chake cha majaribio. Nina watoto wawili, na usiku ule sikupata usingizi.

Kwa upande wa maji alifunga koki zote, tukasimama mbele ya mita nusu saa nzima tukikitazama kigurudumu chake kidogo kikiendelea kuzunguka polepole: bomba lilikuwa linavuja chini ya uwanja uliosakafiwa. Boya la tangi nalo lilikuwa limekwama. Alinikumbusha pia kuangalia kama mita ya LUKU ina deni, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo.

Lalamiko langu ni moja. Maji taka angeyapita kama nisingemuuliza. Alipofunua chemba na kumwaga ndoo mbili, maji yalituama, kwani bomba la inchi 4 lililazwa karibu sawasawa badala ya kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Karo lenyewe, yaani shimo la maji taka, hakulifungua, akisema ni lazima linyonywe kwanza. Sababu hiyo naikubali, lakini ilipasa niambiwe siku ya kupatana bei, siyo baada ya kulipa.

Pamoja na hayo, ripoti yake ilikuwa na picha ya kila kasoro, na ilieleza bila kuficha kwamba nyaya na mabomba yaliyofukiwa ukutani hakuweza kuyaona. Niliipeleka kwa mwenye nyumba. Heta ikavutiwa waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka meinswichi, ukiwa na breka yake ya ampea 32, kile kifaa kibovu cha kukata umeme unaovuja kikabadilishwa, na fito ya ethi ikachimbiwa mbele yangu. Gharama za bomba la uwanjani na la chemba zikapunguzwa kwenye bei. Tulihamia Agosti. Karo litanyonywa kabla mvua za Novemba hazijaanza, na nimekwisha kumwita fundi yuleyule aje alikague siku hiyo.