Kutoka Cheti cha Karatasi hadi Akaunti ya CDS: Uzoefu Wangu na Hisa za Mwaka 1988

Mwaka 1988, Serikali ya Kenya ilipouza kwa umma sehemu ya hisa zake katika benki ambayo leo sote twaiita KCB, nilikuwa karani mgeni kazini hapa Mombasa, nikanunua hisa 200 kwa shilingi 20 kila moja. Cheti kilipofika kwa posta nilikitia katika bahasha ya kaki pamoja na vyeti vyangu vya shule, kikakaa chini ya sanduku la nguo hadi mwaka jana, binti yangu aliponiuliza kwa nini mali yangu inalala na naftalini.

Cheti cha karatasi hakiuziki sokoni siku hizi. Mfumo wa akaunti za CDS, yaani akaunti za kielektroniki za kuhifadhia hisa, ulianza kutumika mwaka 2004, na anayetaka kuuza hisa katika Soko la Hisa la Nairobi sharti kwanza azihamishie humo kupitia kwa dalali wa hisa au benki ya uwekezaji. Nilimchagua dalali mwenye ofisi mjini na programu ya simu ya kununulia na kuuzia hisa. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina la kumsifu na la kumlaumu.

Kufungua akaunti kulikuwa kwepesi. Nilijaza fomu ya CDS 1, nikatoa nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), picha mbili na maelezo ya akaunti yangu ya benki, na siku ya pili nikapata nambari. Kazi yenyewe ilianza na fomu ya CDS 2, ambayo huambatanishwa na cheti halisi, wala si nakala. Dalali hupeleka vyote viwili kwa msajili wa hisa wa kampuni, naye hulinganisha jina, nambari ya cheti na sahihi na yale yaliyomo katika daftari lake. Akiridhika, cheti hufutwa na hisa huingizwa katika akaunti.

Sasa tazama cheti changu. Kimeandikwa jina la baba yangu, ilhali kitambulisho nilichonacho kina jina la marehemu mume wangu. Sahihi ya mwaka 1988 ni jina zima kwa herufi za kuunganisha, na mkia wa herufi ya mwisho umerudi nyuma ukapigia mstari jina lote, mapambo ya msichana aliyepata mshahara wake wa kwanza. Sahihi yangu ya leo ni mikwaruzo miwili. Kijana wa dalali aliyepokea karatasi hizo aliyaona majina mawili tofauti, akagonga muhuri na kunitakia siku njema.

Baada ya wiki tatu fomu ikarudi kwa sababu ya jina. Nikaenda kwa kamishna wa viapo, nikaapa kwamba majina yote mawili ni yangu, nikaambatanisha cheti cha ndoa. Fomu ikarudi mara ya pili, safari hii kwa sababu ya sahihi, na kijana yuleyule akanishauri nijaribu kuandika kama zamani. Nakiri kwamba nilijaribu, nikaharibu ukurasa mzima wa daftari la mjukuu, na ule mkia haukurudi. Kilichonitoa ni barua ya benki yangu kuthibitisha sahihi ya sasa pamoja na kitambulisho. Msajili simlaumu hata kidogo, kwani asingekuwa mkali, yeyote aliyeokota bahasha yangu angejifanya mimi. Lawama yangu ni kwa dalali, ambaye hushughulikia vyeti vya wazee kila wiki na angeweza kuniambia mambo yote mawili siku ya kwanza, nikaokoa miezi miwili na nauli za matatu.

Hisa zilipoingia, programu ilionyesha 2,000, nami nikadhani wamekosea. Binti yangu ndiye aliyenikumbusha kwamba mwaka 2007 kila hisa moja ya benki hiyo iligawanywa kuwa kumi, na bei ikapungua kwa kiasi hichohicho. Mwenye cheti cha kabla ya hapo asishtuke, wala asijione ametajirika.

Programu yenyewe naisifu bila kinyongo. Herufi ni kubwa, bei huonekana vizuri, na nilipouza hisa 300 ili kujaribu, fedha ziliingia benki siku ya tatu ya kazi, ada ya dalali ikiwa imekatwa na kuonyeshwa waziwazi.

Jambo ambalo hakuna aliyenidokezea ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Hundi zangu zilikuwa zikitumwa kwenye sanduku la posta la mwajiri wangu wa zamani, na kuingiza hisa katika CDS hakurudishi fedha hizo. Za karibuni nilimwomba msajili azielekeze benki, akafanya hivyo. Zile za zamani zilikwisha kupelekwa UFAA, mamlaka inayotunza mali za kifedha zisizodaiwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Jina langu nilipolitafuta katika tovuti yao lilitokea, lile la baba yangu, kwa hiyo kiapo changu na cheti cha ndoa vimetolewa nakala tena, na dai nimelipeleka mwezi huu.