Ziara ya Lambeau Field, Green Bay: maoni ya dereva aliyekuwa anasubiri mzigo

Nyota tano. Na mimi si mtu wa kugawa nyota ovyo. Ghala la karatasi lililoniita saa moja asubuhi likanipakia saa mbili usiku nimelipa nyota moja, tena kwa sababu sifuri haipo.

Ila bila ghala hilo nisingeingia Lambeau Field, uwanja wa timu ya Green Bay Packers huko Wisconsin, Marekani. Ilikuwa Februari, simu inasoma nyuzi 17 chini ya sifuri, lori liko mlangoni kwao, funguo wamezichukua, wanasema "tutakuita". Nikapanda teksi. Mimi ni mtoto wa Tanga, mpira ninaoujua ni wa Coastal Union. Huu wa Wamarekani wa kubeba mkononi nilikuwa nauona kwenye televisheni za vituo vya mafuta bila kuelewa nani anamkimbiza nani. Kwa hiyo napima kama mgeni, si kama shabiki.

Kilichonisimamisha kwanza ni saa. Saa kubwa iliyo nje ya uwanja inakwenda dakika 15 mbele. Nikadhani mbovu. Kumbe ni makusudi, wanaiita saa ya Lombardi. Vince Lombardi alikuwa kocha wa Green Bay Packers kuanzia 1959 hadi 1967, na kwake mchezaji aliyefika dakika ile ile iliyopangwa alikuwa ameshachelewa. Mimi ambaye hadi leo kichwani nageuza saa za Kizungu kuwa za Kiswahili, nikaongezewa hesabu ya tatu. Nikawakumbuka watu wangu wa ghalani.

Ziara niliyochukua ni ya saa moja. Aliyetutembeza ni mzee mmoja mwenye sauti ya muadhini, anaujua uwanja kama ninavyoijua barabara ya Segera. Anakupandisha majukwaani, anakushusha, mwisho mnapita kwenye njia ya chini ambayo wachezaji hutokea kuingia uwanjani, na kelele za mashabiki zilizorekodiwa zinawapokea. Majani hamkanyagi, mnaishia ukingoni. Ndani ya njia hiyo kuna vipande vya zege la zamani vilivyohifadhiwa sakafuni wakati wa kujenga upya, zege lile lile walilokanyaga watu wa Lombardi. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilirudi nikakanyaga mara ya pili.

Maana hadi hapo mzee alikuwa ameshanipa hadithi. Mwaka 1958 Packers walishinda mechi moja, wakafungwa kumi, wakatoka sare moja. Akaletwa Lombardi, mtoto wa muuza nyama wa Brooklyn, aliyewahi kufundisha fizikia na Kilatini sekondari. Fainali ya 1960 akafungwa na Philadelphia 17 kwa 13. Kisha akachukua ubingwa 1961, 1962, 1965, 1966 na 1967. Mara tano ndani ya miaka saba, kwa mji ambao hata leo una watu kama 107,000 tu, na uwanja unaochukua zaidi ya 81,000. Na klabu haina tajiri! Tangu 1923 ni ya wenye hisa, na hisa hizo hazitoi gawio wala huwezi kuziuza kwa faida. Ndugu zetu wa Simba na Yanga wanaobishana kila siku kuhusu wanachama na wawekezaji waje walisikilize somo hili.

Lakini sehemu iliyolipa tiketi yangu ni habari ya tarehe 31 Desemba 1967, fainali ya ligi yao, NFL, dhidi ya Dallas Cowboys. Nyuzi 25 chini ya sifuri. Anayeendesha lori kaskazini anajua dizeli ikifika huko inavyoanza kuganda kama samli. Lombardi alikuwa ametandaza nyaya za umeme chini ya majani kwa dola 80,000 ili ardhi isigande, na siku hiyo zikashindwa. Uwanja ukawa kioo. Filimbi za marefa ziliganda midomoni, ikabidi waamue kwa kupiga kelele. Zimebaki sekunde 16, Packers wako nyuma 17 kwa 14, mstari wa kufungia uko chini ya yadi moja, yaani haufiki mita. Wangeweza kuupiga mpira kwa mguu, wapate pointi tatu za kusawazisha, waende muda wa nyongeza. Bart Starr, mgawa mipira, ambaye 1956, timu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa wa 200, akaamua aubebe mwenyewe. Jerry Kramer akamsukuma mtu wa mbele, Starr akaangukia ndani. 21 kwa 17. Mzee akanyoosha kidole upande wa kusini: pale. Nilitazama theluji tupu, nikahisi meno yangu yanagongana, sijui kwa baridi au kwa nini.

Makumbusho yako ndani ya jengo hilo hilo, usiyaruke. Wameijenga upya ofisi ya Lombardi, na vikombe vinne vya Super Bowl, pambano ambalo mwanzoni lilikutanisha mabingwa wa ligi mbili, vipo. Viwili vya kwanza ni vyake: 35 kwa 10 dhidi ya Kansas City Januari 1967, na 33 kwa 14 dhidi ya Oakland mwaka uliofuata. Nilichokaa nacho muda mrefu ni picha za Willie Davis, Herb Adderley na Willie Wood, wachezaji weusi wa Lombardi. Wood hakuna timu iliyomchagua 1960, akawa anaandika barua mwenyewe kuomba nafasi. Mji ule wakati ule ulikuwa na watu weusi wa kuhesabika vidoleni. Lombardi akatangaza kwamba baa au mgahawa utakaomkataa mchezaji wake mweusi, hakuna mchezaji yeyote wa timu atakayeingia humo. Nilikuwa peke yangu mweusi katika kundi letu siku ile, nikawasogelea hao jamaa kama mtu aliyekutana na watu wa kwao.

Mwisho wa hadithi ni mfupi. Lombardi aliachia ukocha mapema 1968, timu ikaporomoka msimu huo huo, yeye akaenda kufundisha timu ya Washington 1969, na saratani ikamchukua Septemba 1970 akiwa na miaka 57.

Chakula: jibini ya kukaanga inavutika kama bazoka, kula ikiwa moto. Soseji waulize ni ya nyama gani kabla hujaweka mdomoni. Trela usije nalo, acha lori mbali uchukue teksi. Na soksi vaa jozi mbili. Mimi nilivaa moja.