Dawa ya kupuliza ya kuulia vijidudu kwenye impresheni: nimeitumia miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Mimi ni fundi wa meno bandia, kamaabara kangu kako Moshi mjini, kazi napata kwa madaktari wa hapahapa na wengine wa Arusha wananitumia impresheni (ile alama ya meno na ufizi wa mgonjwa inayochukuliwa kwa trei) kwa gari. Hii dawa niliinunua duka moja la vifaa vya meno Arusha, chupa ya lita 1 elfu 38, jina siliweki maana nina lawama nayo.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa Jik tu. Jik ikiwa ya asilimia 3.5 unaweka kikombe 1 kwa maji vikombe 6 unapata asilimia 0.5, unazamisha dakika 10, unasuuza, umemaliza, ila uchanganye mpya kila siku maana ikilala inapungua nguvu. Kwa impresheni za silikoni, zile kama mpira, haijawahi kuniangusha, silikoni haina habari na maji. Trei za chuma ndo zinalia, zinaota kutu balaa.

Shida ni impresheni za alginati, ule unga unaokorogwa na maji. Alginati ni sponji bana, ukiiacha kwenye maji inakunywa inavimba, ukiiacha mezani inakauka inasinyaa, na kwa macho huoni kitu, utakuja kuona siku bibi wa watu kakaa kwenye kiti kila akiitikia marahaba meno ya juu yanadondoka.

Yalishanikuta. Dada wa kliniki moja Arusha kanipigia, "Kaka nimekuwekea kwenye Kosta, na Jik nimeshaweka kabisa usiwe na wasiwasi." Mi najua kazamisha katoa. Kumbe kaiweka kwenye kopo la siagi limejaa dawa, impresheni ya watu ikaogelea humo Usa River, Bomang'ombe mpaka stendi ya Moshi, karibu masaa mawili. Nikamwaga plasta ndani yake hivyo hivyo kwa haraka zangu, modeli (nakala ya mdomo ya plasta) ikatoka uso una unga unga ukikwaruza na kucha unatoka, na meno yakawa yanacheza mdomoni. Nikarudia bure, akriliki yangu (plastiki ya meno bandia), umeme wangu.

Sasa hii ya kupuliza. Naianza kwa kusuuza impresheni kwenye maji ya bomba mpaka mate na damu viishe, hapo usiruke, dawa ikikutana na uchafu inaishia kupambana na uchafu vijidudu vinabaki. Nakung'uta, napuliza pande zote, nageuza napuliza tena maana kule ndani kwenye mashimo ya meno dawa haifiki kirahisi, natia kwenye mfuko wa nailoni nafunga dakika 10, nasuuza, nakung'uta, namwaga plasta hapo hapo. Ndani ya mfuko haikauki na wala haiogelei, ndo utamu wake.

Nilijaribu mwenyewe Jumapili moja sina kazi. Modeli ile ile nikaichukulia impresheni mbili za alginati, moja nikapuliza nikafunga, nyingine nikaizamisha lisaa lizima kusudi. Nikamwaga plasta zote, nikachukua sahani ya akriliki iliyokaa vizuri kwenye ile modeli niliyoichukulia impresheni. Kwenye ile ya kupuliza ikakaa kimya, kwenye ile ya kuzamisha ukibonyeza kulia kushoto kunainuka. Mke wangu akauliza unacheka nini peke yako.

Lawama sasa. Pampu imekufa wiki ya tatu, nimehamishia dawa kwenye chupa ya kupulizia nywele (nikaandika jina na markapeni, nina watoto). Halafu maandishi yote lugha nisiyoijua, dakika ngapi hujui, nikampigia muuzaji ananiambia "puliza tu mkuu, vinakufa hapo hapo." Hamna dawa ya hivyo aisee, lazima ikae muda. Virusi vya homa ya ini B vinakaa hai kwenye sehemu kavu siku 7 na zaidi, na sisi mafundi ndo tunashika hizi kitu mikono mitupu tukijiona wazoefu. Mimi nilishachoma chanjo dozi zote 3, na glavu bado navaa.

Nitanunua tena kwa ajili ya alginati tu, silikoni naendelea na Jik, sina hela ya kuchezea. Nyota 3 na nusu, na akileta pampu za akiba namwongezea moja.