Kibali cha paa, nyumba ya mama Majengo: ofisi ya ramani Mwembe Tayari nawapa nyota 4

Nyumba ni ya mamangu, iko Majengo hapa Mombasa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, na mabati yake yaliwekwa mimi nikiwa mdogo. Masika ya mwaka jana yalitutesa vibaya, tulilala na ndoo na masufuria mpaka juu ya kitanda, na bati lenyewe ukilibonyeza kwa kidole gumba linatoboka, kutu inamwagikia mswala wa mama. Basi tukasema mwaka huu hatungoji mvua, paa litolewe lote.

Fundi wa kwanza alipanda juu dakika kumi, akashuka akaniambia nipe dipozi kesho naanza. Nikamuuliza na kibali cha kaunti je? Ati kibali cha nini, si ni bati tu, huku watu wanabadilisha kila siku wala hawaulizwi. Wallahi nusura nimpe pesa. Shangazi ndo alonizuia, jirani yake kule Kisauni alisimamishiwa ujenzi kwa kukosa kibali paa likiwa wazi na wiki ile ile ikanyesha, wakawa wanahamishia magodoro kwa watu. Hapo nikaanza kuulizia mtu wa kufanya mambo kwa njia yake, nikaelekezwa hii ofisi ya kuchora ramani za nyumba, chumba kimoja tu ghorofani Mwembe Tayari, meza mbili na printa kubwa ya michoro.

Kilichonivutia, jamaa wa hiyo ofisi hakuanza na paa ni mita ngapi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, ardhi ni yenu ama ni nyumba pekee?" Mtu wa Mombasa anajua uzito wa swali hilo. Nyumba ni yetu, ardhi ina mwenyewe, na kila mwezi tunalipa kodi ya ardhi, risiti mama anaziweka kwenye mkebe wa biskuti tangu enzi za marehemu baba. Huku Pwani nyumba kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe ni mambo ya miaka na miaka, Majengo, Kisauni, Likoni kote utayakuta, lakini siku ya kuomba kibali unaulizwa karatasi za ardhi, hati iko wapi, rates (ile kodi ya kaunti) zimelipwa ama bado, na wewe hati huna. Wengi wanakwama hapo hapo na ndo maana wanaezeka usiku usiku.

Yeye akatuandikia barua ya ridhaa, akatuambia tusiipeleke kwa simu wala kwa mtoto, mama aende mwenyewe na risiti zake. Tukaenda. Mzee mwenye ardhi akasoma mara mbili, akatia sahihi, na chini yake akaongeza kwa mkono wake: paa tu, hakuna ghorofa. Mama akamwambia, "Mzee wangu, ghorofa ya nini, mimi nataka kulala pakavu." Akatupa na nakala ya hati na ya rates, mashaallah, siku ile moja.

Siku ya kupima jamaa alikuja na tochi na bisibisi, akaingia darini akawa anadunga boriti moja moja. Ya tatu kutoka ukumbini bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, mchwa wamekula ndani kote wameacha ganda tu. Yule fundi wa kwanza angepigilia bati jipya juu ya hizo hizo! Akanieleza kwamba kutoa bati na kurudisha bati kwa mbao zile zile ni ukarabati, lakini mkibadilisha mbao zote na kuinua mwinuko wa paa hiyo ni kazi ya kujenga, inataka michoro ya msanifu aliyesajiliwa na injinia aweke sahihi yake. Na hata kama ni bati peke yake, ulizia kwanza ofisi ya mipango ya kaunti kabla hujang'oa msumari.

Maombi tuliyaingiza mtandaoni. Pesa za kaunti alikataa zipitie mkononi mwake, nililipa mwenyewe kwa simu yangu na risiti ikaja kwa jina la mama, kwangu mimi hilo peke yake ni nyota mbili. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inasema ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi ombi linahesabiwa limekubaliwa, lakini akanikanya nisipandishe mtu juu ya paa kwa hesabu hiyo, ngoja karatasi. Pia akanikumbusha mkandarasi awe na usajili wa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, madaraja yao ni 1 mpaka 8 na kwa kazi ndogo kama yetu hata wa 8 anatosha, na mradi wenyewe nao uandikishwe.

Sasa nyota ilopotea. Michoro ilirudishwa mara moja kwa sababu hakuonyesha maji ya mvua yanaelekea wapi, na kichochoro chetu ni chembamba, ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani, kwa hivyo maji yote yangemmwagikia yeye. Ilikuwa haki kabisa kurudishwa, mtu wa ramani alitakiwa aone hilo siku aliyokuja na tochi. Tukaongeza gata na bomba la kushusha maji, siku tisa zikaenda, na katikati ya hizo siku tisa nilimpigia kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu hapokei. Aliomba radhi na hakutuongezea pesa, bei ikabaki 38,000 tuliyokubaliana, michoro na injinia ndani yake, ada za kaunti mbali.

Bati tulichukua geji 28, ni nene kuliko 30, kwa chumvi hii ya bahari usibane hapo. Nakala ya kibali tuliibandika mlangoni, wakaguzi wakaja siku ya tatu, wakaisoma, wakatazama mbao, wakaenda zao na mafundi wakaendelea.

Ukienda pale nenda asubuhi, na kama nyumba yenu ni bila ardhi kama yetu beba risiti za kodi ya ardhi na kitambulisho cha mwenye nyumba, maana bila hizo hata tepu hatoi.