Chaja za simu za gari: ipi haiui redio ya AM?

Malalamiko yamezidi, hasa ya madereva wa Mafinga hadi Uyole: redio ya AM inakwaruza. Fundi anabadilisha antena, anabadilisha plagi, kelele ziko palepale. Jamani, chomoeni chaja ya simu kwanza, halafu msikilize.

Wengi wanauliza chaja inajaza haraka kiasi gani. Mimi nauliza kelele tu. Humo ndani umeme wa volti 12 hukatwakatwa maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde ili ushuke hadi volti 5, na ukataji huo hutoa mawimbi yanayoangukia palepale kwenye AM, kati ya kilohezi 531 na 1602. FM haisumbuki sana, lakini ukiwa Kitonga mlima unaizuia. AM ndiyo hupenya mbali, na ndiyo tunayoiua wenyewe.

Namba moja kwangu ni chaja ya kampuni ya Anker, na naipendelea waziwazi: nikichaji simu, mtangazaji bado namsikia vizuri. Mwenye Fuso au Scania ahakikishe imeandikwa 12–24V. Namba mbili ni Samsung halisi. Namba tatu, baki na uliyonayo, ubane kipete cha feraiti, kile cheusi cha kupunguza kelele, kwenye waya karibu na chaja. Kelele hupungua, haziishi. Zile za elfu tatu za stendi ziache, nyingi hazina koili ya kuchuja kelele.

Kabla ya kulipa, ijaribu. Weka ufunguo kwenye ACC, injini ikiwa imezimwa ili plagi zisikuchanganye. Tafuta AM mahali pasipo na stesheni, chomeka chaja, kisha unganisha simu iliyoishiwa chaji, maana kelele huongezeka chaja ikianza kufanya kazi. Tembeza masafa yote toka chini hadi juu. Mluzi hujificha sehemu chache tu.

Hapo ndipo wauzaji wananiudhi. Duka moja hapa Mbeya nilitajiwa bei ya chaja halisi, boksi lenyewe jina la kampuni limekosewa herufi. Nikaomba kuijaribu kwenye gari lililokuwa mlangoni, nikajibiwa, "Dada, ukifungua umenunua." Nguo tunajaribu, viatu tunajaribu, balbu inawashwa mbele yako kabla hujatoa hela. Chaja ina nini? Anayekataa ijaribiwe, mwachie mzigo wake, uende duka linalofuata.