Ushauri nasaha kwa mara ya kwanza hapa Dar: uzoefu wangu

Ukienda kwa mwanasaikolojia ukitegemea kutoka na jibu siku hiyohiyo, utavunjika moyo. Kikao cha kwanza ni cha kuulizwa. Kwa dakika 45 hadi 60 utaulizwa kinachokusumbua na kilianza lini, usingizi ukoje, kama unatumia pombe au dawa yoyote, kama kwenye ukoo yupo aliyewahi kuugua, na kama umewahi kuwaza kujidhuru. Hilo la mwisho ni swali la kawaida kwa kila anayeanza, kwa hiyo lijibu kwa ukweli.

Nilichokipenda zaidi ni kuelezwa mapema mipaka ya siri: mwenzi wako au bosi hataambiwa kitu, ila maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtaalamu atachukua hatua. Asipoligusia hilo, muulize kabla hujaanza kumwaga ya moyoni.

Huenda ukapewa dodoso la sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Wengi hujipunguzia alama ili waonekane wako sawa. Dodoso hilo hurudiwa baadaye kuona kama unapata nafuu, na aliyeanza na 6 ya uongo badala ya 16 atashuka wapi?

Kazi ya nyumbani ndiyo yenye faida kubwa, nayo ndiyo watu huiacha. Unachora safu 4 kwenye daftari: tukio, wazo, hisia, ulichofanya. Mfano: "Bosi hakuitikia salamu. Atanifukuza. Hofu, 80 kati ya 100. Sikula mchana." Andika siku hiyohiyo. Ukijaza usiku wa kuamkia kikao utaandika unachodhani ulihisi.

Kasoro niliyoiona ni chumba kupakana na mapokezi, sauti zinapenya. Omba kuhamishwa bila aibu, maana ukijibana kuongea umelipia bure. Foleni nayo uipigie hesabu: ukichelewa dakika 20, mara nyingi zinakatwa kwenye muda wako. Vikao vya simu vinasaidia, mradi uwe na bando la kutosha na mahali ambapo watu wa nyumbani hawakusikii.

Mwanasaikolojia haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, na pale Muhimbili, Upanga, idara hiyo ipo. Mwenye bima aulize kwanza kama anahitaji rufaa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, usiziache kwa kuona kimya.

Mpe mtaalamu vikao 3 au 4. Akiwa anapokea simu katikati ya kikao, anakuhubiria, au hadi hapo hamjaandika lengo hata moja, mwambie. Asipobadilika, tafuta mwingine, na omba muhtasari wa maandishi uende nao ili usianze kusimulia yote upya.